Divai, Chakula na Mgeni Wetu

Masomo: Yohana 2:1–11; Warumi 14:13–21



Kila mwaka majira ya arusi yanapokaribia, vijana wa mtaa wetu huja nyumbani kutuuliza swali ambalo zamani hakuna kijana wa Kanisa aliyethubutu kumwuliza mwalimu wake. Husema hivi: "Mwalimu, tunaandaa chakula cha wageni. Tuweke divai gani, na iende na chakula gani?" Wengine huuliza kwa sauti ya chini huku wakiutazama mlango, kana kwamba wameiba kitu.

Hatuwashangai. Sisi wenyewe tulilelewa na wazee waliotufundisha ya kuwa Mkristo hagusi kileo, nao walikuwa na sababu. Waliona kwa macho yao mashamba yaliyouzwa na watoto waliolala njaa kwa ajili ya pombe. Lakini leo twaishi Dodoma, katikati ya mashamba ya mizabibu, na tangu Serikali ilipoanza kuhamia hapa mwaka 2016 watu wa kila namna huketi mezani petu. Swali hili haliondoki kwa kunyamaziwa. Kwa hiyo tumeona vema kulijibu katika gazeti letu la mtaa: kwanza kwa kulitazama Neno, kisha kwa kueleza kidogo tulichojifunza juu ya divai na chakula, na mwisho kwa kuungama kosa tulilolifanya sisi wenyewe mezani petu.

Arusi ya Kana

Habari za arusi ya Kana twazijua tangu darasa la kipaimara. Lakini hebu tuisome tena kama watu wanaoandaa karamu. Divai ilipungua. Mama yake Yesu ndiye aliyeona. Hakusimama kutangaza, wala hakumlaumu bwana arusi, ila alikwenda kwa Mwanawe na kumweleza upungufu ule. Alijua ya kuwa wenye nyumba walikuwa karibu kuaibika mbele ya wakwe na majirani, na aibu ya namna ile haisahauliki upesi kijijini.

Palikuwa na mabalasi sita ya mawe. Tukiyapima kwa vipimo vya siku hizi, yote pamoja yalichukua kati ya lita 470 na 700 hivi. Bwana wetu hakutoa kidogo, wala hakutoa kitu hafifu. Mkuu wa meza alipoonja alistaajabu, kwa sababu kwa desturi watu walitanguliza divai njema na kuleta ile iliyo duni wageni wakiisha kunywa sana. Angalieni pia ya kuwa mkuu wa meza hakujua ilikotoka. Watumishi tu ndio waliojua. Bwana arusi alipewa sifa, na yule aliyeiokoa heshima yake alikuwa ameketi kama mgeni mwingine yeyote.

Twapata mafundisho mawili hapa. La kwanza, Bwana hakuidharau meza ya wageni. Mtu asiseme ya kuwa kuandaa chakula na kinywaji kwa uangalifu ni jambo la dunia tu. La pili, kilichotazamwa pale Kana kilikuwa heshima ya watu waliohusika. Divai ilitumika kuwaondolea watu aibu. Tulishike sana fundisho hili la pili, maana tutalirudia.

Zabibu za kwetu

Mtunga Zaburi katika Zaburi ya 104 aihesabu divai pamoja na mafuta na mkate miongoni mwa vitu ambavyo Mungu humpa mwanadamu kutoka katika nchi. Sisi wa Dodoma twaielewa zaburi hii vizuri. Nchi yetu ni kavu, mvua zetu ni chache, lakini mzabibu umeikubali. Kule Bihawana wamisionari wa Kikatoliki walipanda mizabibu, na leo ukienda Mpunguzi, Hombolo au Chinangali utaona jinsi wakulima wanavyoitunza. Zabibu zetu huvunwa mara mbili kwa mwaka, jambo ambalo wakulima wa Ulaya hawalipati. Zipo zabibu ziitwazo Makutupora, ambazo hutoa divai nyekundu, na zipo za Chenin Blanc, ambazo hutoa divai nyeupe. Wamo washarika wetu ambao ada za watoto wao hutoka katika mashamba haya. Tusiwasemee vibaya kana kwamba wanalima bangi.

Lakini Biblia hiyo hiyo yatuambia ya kuwa Nuhu, mtu wa haki, alipanda mizabibu, akanywa, akalewa na kulala uchi hemani mwake (Mwanzo 9). Mithali sura ya 23 yaeleza hali ya mlevi, macho yake na majeraha yake, kwa namna ambayo hakuna mtu wa kijiji chetu atakayehitaji kufafanuliwa. Mstari mmoja ni wa kweli, na mwingine ni wa kweli. Anayeshika mmoja tu na kuuacha wa pili amesoma nusu ya somo.

Divai na chakula

Sasa tuje kwenye swali la vijana wetu. Tutalijibu kama walimu, kwa kueleza sababu, maana kanuni bila sababu husahauliwa kabla kengele haijapigwa.

Divai nyeupe hutengenezwa kwa maji ya zabibu yaliyotengwa na maganda. Kwa hiyo mara nyingi ni nyepesi na ina uchachu. Uchachu huo hufanya kazi ile ile ya limau tunalolikamua juu ya samaki: huondoa uzito wa mafuta na kuamsha ladha. Ndiyo maana divai nyeupe isiyo na utamu hupatana na samaki, na kuku wa kuchemsha au wa kuoka asiye na viungo vingi.

Divai nyekundu huchachuka pamoja na maganda yake. Maganda na mbegu huipa rangi na ukakasi, yaani ile hali ya kukaza ulimi unayoipata ukinywa chai ya rangi iliyokaa mno na majani yake, au ukiuma ndizi mbichi. Nyama yenye mafuta huupunguza ukakasi huo. Kwa hiyo divai nyekundu hupatana na nyama choma ya mbuzi au ya ng'ombe, na mchuzi mzito wa nyama. Ukiinywa pamoja na samaki wenye mafuta, mara nyingi huacha ladha kama ya chuma mdomoni.

Chakula chenye pilipili nyingi kina shida yake. Kileo na ukakasi huongeza mwako wa pilipili. Kwa biriani kali, divai nyekundu yenye nguvu haifai. Afadhali nyeupe yenye utamu kidogo, iliyopozwa.

Juu ya keki na vitu vitamu, twawapa jaribio tulilokuwa tukiwapa wanafunzi wetu. Nyonya pipi, kisha unywe chai yenye sukari kidogo. Chai itaonekana haina sukari kabisa. Ndivyo ilivyo kwa divai: ikiwa keki ni tamu kuliko divai, divai itaonekana chungu. Basi kinywaji cha kuandamana na keki na kiwe kitamu kuliko keki yenyewe.

Vitabu vya Ulaya husema divai nyekundu inywewe katika joto la chumba. Chumba wanachokisema kina nyuzi 18 au pungufu. Mchana wa Dodoma mwezi wa Novemba si chumba hicho! Hata nyekundu yafaa ipozwe kidogo, na nyeupe iwe baridi.

Mwisho wa somo hili la meza ni hesabu. Chupa ya kawaida ya divai ni mililita 750, yaani glasi 5 za mililita 150. Glasi moja ya divai yenye asilimia 12 ina kileo cha mililita 18. Bia ya mililita 350 yenye asilimia 5 ina mililita 17 na nusu. Maana yake, glasi moja ndogo ya divai ni sawa na bia nzima. Wapo akina mama na vijana wanaodhani ya kuwa divai, kwa kuwa ni tamu na yatoka katika matunda, ni juisi iliyochangamka tu. Hesabu yakataa.

Kosa letu

Haya yote, ndugu, tuliyajua vizuri mwaka 2009, nasi tulijivuna kuyajua. Mwaka huo tulipokea wageni wa posa ya binti yetu. Sisi wawili wa nyumba hii tulijiandaa kwa majuma mawili. Kuku wa kienyeji aliokwa, na divai nyeupe ikawekwa katika ndoo yenye barafu. Mbuzi alichomwa, na divai nyekundu ikafunguliwa mapema. Tulitaka wakwe zetu wajue ya kuwa wamefika katika nyumba ya watu waliosoma.

Miongoni mwa wageni alikuwamo baba mkubwa wa kijana, mzee mpole, aliyekuwa msemaji wao. Kwa kuwa ndiye mkubwa, tulianza kwake. Hatukumwuliza neno. Tulimmiminia na kumwekea glasi mbele yake. Aliitazama kwa muda kidogo. Kijana, bwana arusi mtarajiwa, aliinamisha kichwa. Kisha mzee akasema, "Asante, Mwalimu," akanywa. Tulipoona glasi ni tupu tulimwongezea. Tulifurahi tukidhani ameipenda.

Miezi mingi ilipita kabla mkwe wetu hajatueleza. Baba yake mkubwa alikuwa ameacha pombe kwa miaka 11. Kabla ya hapo ilikuwa imemharibia kazi na nusura imharibie nyumba. Siku ile ya posa alikuwa msemaji wa ukoo, na kikombe kilitoka mkononi mwa baba wa binti. Kukikataa, alivyoona yeye, kungekuwa kama kumkataa binti. Alikunywa ili asituaibishe. Juma lile lile alianza tena. Aliuza ng'ombe wawili. Mkewe alirudi kwao kwa muda. Zaidi ya miaka miwili ilipita kabla hajainuka, akisaidiwa na ndugu wa mtaa wake waliomtembelea karibu kila siku.

Alikuja kwetu tena siku ya ubatizo wa mjukuu wetu. Tulimwita pembeni, tukamwomba msamaha. Hakutaka tuseme mengi. Alisema, "Mwalimu, mkono ulioinua glasi ulikuwa wangu. Lakini kama pangekuwa na jagi la kitu kingine mezani, ningelichukua hilo, na hakuna ambaye angejua."

Maneno hayo hayajatutoka. Tulijua divai ipi yapatana na kuku na ipi yapatana na mbuzi. Hatukujua ipi yapatana na mgeni wetu, kwa kuwa hatukumtazama. Mariamu pale Kana aliiona aibu kabla haijatokea. Sisi tulikuwa tunatazama chupa.

Mgeni kwanza

Mtume Paulo, katika Warumi 14 na tena katika 1 Wakorintho 8, aliandika juu ya jambo la namna hii. Yeye mwenyewe hakuona kosa katika chakula. Hata hivyo alisema afadhali asile nyama wala asinywe divai, kuliko kumwangusha ndugu ambaye Kristo alikufa kwa ajili yake. Mtume huyu ndiye aliyemshauri Timotheo atumie divai kidogo kwa ajili ya tumbo lake (1 Timotheo 5:23). Hakuichukia divai. Alimpenda ndugu zaidi. Tena, anapotaja sifa za askofu katika 1 Timotheo 3, aeleza ya kuwa na awe mkaribishaji, na mara anaongeza ya kuwa asiwe mtu wa ulevi. Ukarimu na kiasi vimewekwa karibu, wala kimoja hakikufanywa kiwe udhuru wa kukiacha kingine.

Ndugu mmoja mzee wa mtaa wetu, mtu wa Uamsho, alipoyasikia yaliyotupata alisema bila kuzunguka: "Nyumba isiyo na chupa isingalimwangusha mtu yule." Tulitafuta jibu, hatukulipata. Kwa nyumba yetu tumekubali neno lake. Tangu hapo, mahali ambapo hatuwajui wageni wote, hatuweki divai mezani kabisa. Lakini hatuwezi kuufanya uamuzi wa nyumba yetu kuwa sheria ya kila nyumba, maana Paulo katika sura ile ile amkataza asiyekula kumhukumu alaye, kama anavyomkataza alaye kumdharau asiyekula. Kwa wale watakaoweka divai, na kwa wale wasioiweka, twashauri haya.

Kwanza, tuulize mapema, tena kwa siri. Mwite mmoja wa wageni siku chache kabla, mwambie, "Tusaidie, je, kuna lolote la kuangalia kwa wazee wetu?" Utajua mengi. Yupo anayetumia dawa zisizopatana na kileo. Yupo mama mjamzito ambaye bado hajamwambia mtu. Yupo jirani Mwislamu. Yupo atakayeendesha gari au pikipiki kurudi kwake usiku. Yupo aliyeacha. Hakuna hata mmoja wao apaswaye kutoa maelezo yake mbele ya watu.

Pili, kinywaji kisicho na kileo kiwe na heshima ile ile. Si haki divai iletwe katika glasi zinazong'aa, na asiyekunywa apewe soda ya moto katika chupa. Na hapa yale tuliyoyaeleza juu ya divai yanatufaa tena, maana sababu zake ni zile zile. Maji ya ukwaju yana uchachu, basi huenda vizuri sana na nyama ya mbuzi yenye mafuta. Maji ya ubuyu yenye sukari kidogo hupatana na samaki na kuku. Chai ya rangi isiyo na sukari ina ukakasi, nayo hufuata nyama choma vizuri. Maji ya zabibu yasiyochachuka, yakipozwa, yatakaa pamoja na keki. Mibuyu na mikwaju ni ya kwetu. Mwenye nyumba akiyaandaa haya kwa uangalifu ule ule, asiyekunywa divai hataonekana kama mtu aliyenyimwa kitu.

Tatu, vyote viwekwe mezani pamoja, na mgeni achague kwa mkono wake. Tusimmiminie mtu bila kumwuliza, wala tusimwongezee kwa kuwa glasi ni tupu. Akisema "inatosha," imetosha. Tusimwulize "kwa nini?" Neno hilo moja limewaangusha wengi.

Nne, chakula kitangulie. Mtu mwenye njaa hulewa upesi, na wageni wengi wa arusi hawajala tangu asubuhi. Tusiwasubirishe kwa glasi.

Tano, tusikope kwa ajili ya chupa. Twazijua familia zilizolipa deni la vinywaji hadi mtoto wa kwanza akazaliwa. Mgeni wa kweli hafurahii karamu itakayowaacha wenyeji wake bila unga.

Watakaosema ya kuwa haya ni mambo madogo kwa gazeti la Kanisa, na wasome 1 Wakorintho 11. Wakristo wa Korintho walikula pamoja, huyu akawa na njaa na huyu akalewa, na Mtume akawaambia ya kuwa kule si kuila karamu ya Bwana. Mezani ndipo palipofunua ya kuwa hawakupendana. Sisi nasi hupiga magoti siku ya Bwana mbele ya Meza ambayo haina kikombe cha mheshimiwa na kikombe cha mnyonge. Tukitoka pale na kwenda kuandaa meza zetu za arusi, za posa na za ubatizo, je, tutasahau tulichokiona?

Binti yetu mdogo aliolewa mwaka 2016. Yule mzee alialikwa, akaja mapema. Meza ilikuwa na mbuzi wa kuchoma, kuku, wali na mlenda, na katikati majagi ya ukwaju yenye barafu. Alijimiminia mwenyewe, akanywa, akajimiminia tena. Kisha alituuliza sukari tuliyotia ni kiasi gani, maana kwake huwa inazidi. Tulikaa naye hadi jioni tukizungumza habari za ukwaju.

Tuombe:

Ee Bwana Yesu, uliyeketi mgeni katika arusi ya Kana na kuiona shida ya wenye nyumba, utufungue macho tuwaone wale waketio mezani petu. Utupe kutumia mazao ya nchi yetu kwa shukrani na kwa kiasi. Uwatie nguvu wote walioacha kileo, na wanaojaribu kuacha leo. Utusamehe tuliowakwaza kwa kutokujua, na kwa kutokuuliza. Uzibariki meza zetu, ili kila aondokaye aondoke na heshima yake, na afike salama nyumbani kwake. Amina.